Mume Wangu Alipotaka Mbwa

Mume wangu alipigwa na kiharusi wiki chache baada ya kustaafu. Alikuwa dereva wa treni za chini ya ardhi tangu watoto wetu hawajazaliwa, na wenzake walikuwa wamemuaga kwa keki na saa ya ukutani ambayo tulikuwa bado hatujaitundika. Asubuhi moja alikaa ukingoni mwa kitanda akashindwa kufunga vifungo vya shati. Akaniita kwa sauti ya mtu aliyejaza maji mdomoni. Mimi nilikuwa muuguzi katika hospitali moja upande wa Lewisham. Nilimtazama usoni mara moja tu, nikaona shavu la kushoto lilivyolegea, nikajua.

Tulimshukuru Mungu kwa yaliyobaki. Maneno yalirudi na akili haikuguswa. Mkono wa kushoto ulibaki dhaifu, na mguu wa upande huo ukawa unaburura. Mtaalamu wa mazoezi alimwambia atembee kila siku, hata kidogo, la sivyo mguu utazidi kukakamaa. Mume wangu aliitikia kwa adabu, kisha akarudi nyumbani kwetu Barking, akavuta kiti dirishani, akakaa. Majira yakabadilika yeye yupo kwenye kiti kile.

"Kuna watu hawana miguu na wanatoka," nilimwambia. "Wewe unayo yote miwili."

"Nimeendesha treni imejaa watu wazima na akili zao," alisema, "leo watu haohao wanione sokoni naburura mguu kama gunia?"

Niliacha kazi kabla ya wakati wangu ili niwe naye. Binti yetu, anayekaa mtaa wa pili na mumewe, alimnunulia baiskeli ya mazoezi. Tukawa tunaanikia nguo.

Siku moja ya jua nilimkasirikia mpaka akavaa viatu. Tukaenda bustanini polepole, nikamkalisha kwenye benchi karibu na bwawa la bata. Akapita mwanamke wa makamo na mbwa mwembamba mrefu, wa rangi ya majivu, kifua kipana na kiuno kama cha nyigu. Mbwa alipofika kwetu akaiacha njia yake, akaja kumwegemea mume wangu magotini kwa uzito wake wote, akatulia. Mimi nilikuwa nimeshasimama na kusogea kando, nimekusanya koti langu. Ndivyo nilivyolelewa na mwili hufanya wenyewe bila kuuliza. Yeye hakusogea. Aliunyanyua mkono wa kushoto, ule mgonjwa, akauweka juu ya kichwa cha mbwa.

Yule mwanamke alieleza kwamba ni mbwa wa mbio aliyestaafu, kwamba ndivyo walivyo, wanaegemea watu. Mume wangu alimuuliza alikimbia wapi, aliachishwa kwa nini, anakula nini. Kwa miezi sikuwa nimemsikia akiuliza maswali hata mawili mfululizo.

Tulipofika nyumbani, kabla hajavua koti, alisema, "Nataka mbwa kama yule."

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, nikamtazama vizuri, nikihofia kiharusi kimegusa na pahala pengine.

Sikulijua jambo moja, na aliniambia jioni ile tukinywa chai. Alipofika London, kijana aliyetoka Unguja miaka michache baada ya mapinduzi na koti la kuazima, kazi yake ya kwanza haikuwa treni. Alikuwa akifagia majukwaa ya uwanja wa mbio za mbwa, mashariki ya jiji, mahali ambapo leo pamejengwa maghorofa. Alifagia tiketi za kamari zilizochanwa, vifuniko vya bia na vipande vya chipsi. Wenzake walitazama mbio, yeye alikuwa akiwatazama mbwa wanapotolewa na kurudishwa.

"Walikuwa wakijulikana kwa majina," alisema. "Mmoja alinizoea. Nikipita na fagio anatoa pua kwenye nyavu. Msimu mwingine nikamuuliza mtunzaji wake, yuko wapi yule? Akaniambia, ameacha kushinda. Nikauliza, sasa yuko wapi? Akageuka akaendelea na kazi yake."

"Hukuniambia hata siku moja."

"Ningekwambia nini? Kwamba nilikuwa namkumbuka mbwa?"

Binti yetu alipokuja nilimsimulia mbele ya baba yake. Yeye Kiswahili anakisikia chote ila hujibu kwa Kiingereza. Aliuliza, kwa lugha yake hiyo, swali lililokuwa la maana kuliko yote: "Mama, nani atakayeokota mavi?"

Sote watatu tulilijua jibu.

Mume wangu ni mtu wa kusali, na mimi pia. Hatukutaka kufanya jambo kwa kujificha. Basi Ijumaa moja baada ya sala tulibaki msikitini kumngoja maalim, kijana aliyezaliwa hapahapa London na wazazi wa Mombasa. Alitukalisha ofisini kwake, akamsikiliza mume wangu mpaka mwisho.

"Mzee, huyo mbwa ni wa nini hasa?"

"Wa kunitoa nyumbani."

Maalim alisema wanazuoni wameruhusu mbwa kwa haja, ya kuwinda, ya kulinda, ya mifugo. "Sasa mtu ambaye daktari amemwambia asipotembea atarudi hospitali, mimi siwezi kumwambia hiyo si haja. Lakini mahali pa kusalia pawe mbali naye, na nguo za sala pia, na chombo chake kiwe chake. Pakiguswa na mate yake mnajua kusafisha, mara saba, moja kwa udongo." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mama, umesemaje?"

Nilisema tunaendelea kuzungumza. Hapakuwa na mazungumzo yoyote. Mume wangu alikuwa amesema mara moja tu na hakurudia. Alikaa kwenye kiti chake, safari hii anatazama njia wanayopita watu wenye mbwa. Angenisumbua ningekuwa na wa kugombana naye.

Aliyesema sana alikuwa wifi yangu, dada yake mkubwa, mjane anayekaa Wembley. Alikuwa akikata jiji zima kwa treni kila Jumapili kumletea kaka yake mikate ya kumimina. Alipopata habari, aliiweka mikate mezani kama mtu anayeweka ushahidi mahakamani.

"Nyumba hii tumesomea maulidi," alisema. "Nyumba hii tumemsomea mama hitima. Wifi yangu, huyu mgonjwa, lakini wewe je? Mbwa akiingia kwa mlango huu, mimi mguu wangu hautoki Wembley."

"Sijasema ndiyo, wifi."

"Na hujasema hapana."

Ilikuwa kweli.

Binti yetu alikipigia simu, kuuliza tu, kituo kinachowatafutia mbwa hao nyumba, nacho kikamtuma mwanamke kuja kutukagua. Alikuwa na koti lililojaa manyoya na sauti ya chini, ya mtu aliyezoea kutoshtua viumbe. Alizunguka bustani yetu ndogo ya nyuma, akasimama kwenye ua kupima urefu kwa bega lake. Alitueleza mambo nisiyoyategemea. Mbwa hawa huzaliwa na kulelewa mabandani, kwa hiyo nyumba kwao ni mahali pageni kabisa. Hawajui kioo, itabidi tubandike karatasi kwenye mlango wa bustani wasije wakajigonga. Hawajui televisheni wala mashine ya kufulia. Ngazi hawazijui, wengine hawapandi maisha yao yote.

Niliposikia la ngazi nilinyanyua kichwa. Chumba chetu cha kusalia kiko juu.

"Nani atashika kamba?" aliuliza.

"Mimi," alisema mume wangu.

Yule mwanamke hakubisha. Alivua skafu yake shingoni, akampa ncha moja aishike kwa mkono wa kushoto, naye akaivuta ncha ya pili, taratibu sana, kama mtu anayechezea mtoto. Skafu ikateleza ikatoka. Akampa mkono wa kulia. Ule ulishika, lakini alipovuta kidogo zaidi mume wangu aliyumba, nikamdaka kiwiko.

Alitazama chini. Nimemwona mume wangu akioshwa na watu asiowajua, akilishwa kwa kijiko, na sikuwahi kumwona na uso ule.

"Wana nguvu wakishtuka," mwanamke alisema kwa upole. "Siwezi kumpa mbwa mtu atakayeangushwa. Wala siwezi kumpa mbwa mtu asiyemtaka." Akanitazama. "Kwa hiyo kamba ni yako, mama. Basi wewe ndiye ninayekuuliza."

Nilimwomba anipe muda.

Niseme mimi na mbwa tulikuwa na nini. Sikuwahi kuumwa. Nilikuwa mtoto Unguja mjini, na mkabala na nyumba yetu, ng'ambo ya njia nyembamba, waliishi Wagoa, Wahindi Wakristo, waliokuwa na mbwa wa kahawia mwenye sikio moja lililolala. Tulipita mbali naye, tukishika nguo zetu. Mapinduzi yalipotokea, baba alikaa nyumbani na mlango ukatiwa komeo, na kitambo baadaye majirani wale wakaondoka kwa meli na masanduku waliyoweza kuyabeba. Mbwa alibaki. Alikaa kwenye baraza ya mlango wao siku baada ya siku, akinyanyua kichwa kila miguu ilipopita. Mama yangu, ambaye angerudi kukoga upya kama mbwa angemgusa, alikuwa akimrushia vichwa vya samaki kutoka dirishani, halafu anafunga dirisha haraka kama aliyefanya jambo la aibu. Nilimuuliza kwa nini. "Hajui kama hawarudi," alisema. Baadaye wakapita watu wa manispaa na bunduki kuwasafisha mbwa wasio na wenyewe. Mama alinitia chumba cha ndani akaniziba masikio kwa viganja vyake.

Kwa hiyo watu waliponiuliza kama naogopa mbwa nilisema siogopi. Nilichokiogopa ni kumfungulia mlango kiumbe atakayenitegemea kiasi kile. Nilikuwa nimelea watoto wawili na wodi za wagonjwa, sasa namlea mume. Nilikuwa nimechoka, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Nilimpigia simu yule mwanamke nikamwambia hivyo hasa, kwamba nimechoka. Nilitegemea aseme asante, kwaheri. Akasema, "Njooni mabandani Jumamosi. Hatuwapi mbwa. Mtembee nao tu, basi."

Mabanda yalikuwa mashambani, ng'ambo ya Romford. Binti yetu alitupeleka kwa gari lake, akakaa ndani na simu yake. Mbwa wengi walikuja mbele ya nyavu, wakibweka na kupiga mikia. Katika banda la mwisho kulikuwa na jike jeusi lenye kifua cheupe, pua imeshaanza mvi ingawa hakuwa mzee. Ndani ya masikio yake kulikuwa na herufi za kijani alizochanjwa Ireland alikozaliwa. Alivunjika kifundo cha mguu wa nyuma akiwa katika mbio na hakukimbia tena. Hakuja mbele wala hakubweka. Alisimama ameelekea pembeni, anatazama ukuta.

Wagonjwa wa namna ile nawajua. Kila wodi huwa naye mmoja, anayegeukia ukutani, hasumbui, hapigi kengele, na wauguzi wageni humwona ndiye mgonjwa mzuri. Ndiye wa kumkalia karibu.

"Naweza kumtoa yule?" niliuliza.

Nilivaa glavu zangu, nikashika kamba. Mume wangu alitembea ubavuni kwangu na fimbo yake. Jike lile lilitembea polepole, likichechemea kidogo, likisimama kila mara kunusa hewa. Likisimama nasi tunasimama, na mume wangu anapumzika bila mtu kumwambia pumzika. Siku ile tulifika getini tu. Jumamosi iliyofuata tulilipita geti. Watu waliotupita njiani walimsalimia mbwa, wakamuuliza umri wake, wakasikitikia mguu wake. Hakuna aliyeutazama mguu wa mume wangu. Nadhani naye aliliona hilo, maana alianza kuuliza Alhamisi kama Jumamosi mvua itanyesha.

Tulikwenda majuma mengi. Hatukusema neno juu ya kumchukua. Sisi tulimwita bibie, kwa sababu jina lake la uwanjani lilikuwa refu kama la farasi na halikumpendeza yeyote.

Jumamosi moja, matope mpaka vifundoni, mfanyakazi wa pale alituambia kwa furaha kuwa kesho inakuja familia kumwona bibie.

"Wana watoto wadogo?" niliuliza.

"Watatu."

"Hapendi kelele," nilisema. "Akisikia kelele anageukia ukuta. Na chakula kikiwa chini hali, sharti kiinuliwe kidogo. Mmewaambia? Na ule mguu ukipata baridi..."

Nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Mfanyakazi alikuwa anatabasamu. Mume wangu alikuwa anachokora matope kwa ncha ya fimbo, na hakunyanyua uso.

"Waambie hao wageni watazame mwingine," nilisema.

Ndani ya gari aliniuliza, "Una hakika?"

"Sina," nilimjibu. "Usiniulize tena nisije nikageuza."

Wiki ya kwanza nilijuta kila siku. Bibie aliingia sebuleni akasimama katikati kama sanamu, akabaki amesimama kwa muda mrefu hata sisi tukaona haya kukaa. Sakafu ya jikoni inateleza, hakuikanyaga, kwa hiyo bustanini alitolewa kwa kuzungushwa mlango wa mbele. Alikojoa kwenye zulia. Mashine ya kufulia ilipoanza kuzunguka alitetemeka mpaka meno yakagongana. Mimi nilikuwa na ndoo ya udongo safi nyuma ya mlango, glavu za kumvalisha koti lake, na nguo za sala zimefungwa juu. Siku ya nne nilijifungia stoo nikalia kati ya mafagio. Halafu nikampigia simu mwanamke wa kituo.

"Kila mtu hulia wiki ya kwanza," alisema. "Wasiolia ndio hunitia wasiwasi."

Tukatandaza mikeka mpaka mlango wa nyuma, mkeka baada ya mkeka kama njia ya bibi harusi. Akaanza kupita. Akagundua sofa ya zamani pembeni mwa jikoni, tukamwachia. Ngazi alizitazama mara moja, akatazama kwingine, na siku zote alizokaa kwetu hakukanyaga hata ya kwanza. Siku aliponilamba kiganja mara ya kwanza nilikwenda kwenye bomba nikanawa kama nilivyofundishwa, nahesabu, udongo na maji. Niliporudi nilimkuta amesimama palepale nilipomwacha, ananingoja.

Asubuhi tulitoka sote watatu. Kamba ilikuwa yangu. Mume wangu alishika kamba ya pili, nyepesi, iliyofungwa kwenye mkanda huohuo. Haikuzuia kitu, ilikuwa ya heshima tu. Tulifika bustanini, kisha tukawa tunaizunguka. Akajuana na wenye mbwa wote, wazee wa Kiingereza, mama mmoja wa Kinaijeria mwenye kijibwa kikali, kijana wa Kibangla aliyekuwa akiwaficha wazazi wake mbwa wake. Mguu haukupona lakini ulikubali.

Wifi yangu alishika neno lake. Mikate ya kumimina ilikuja kwa mikono ya binti yetu. Mume wangu aliteseka kwa hilo, na mimi pia, maana ndiye ndugu pekee aliyekuwa naye nchi hii. Ilipofika Idd nilimpigia simu. Nikamwambia chumba cha mbele hakijawahi kukanyagwa na mbwa, nimekiosha, nimekifukiza udi, vyombo ni vipya, na kaka yake atakwenda kumpokea stesheni kwa miguu yake.

"Kwa miguu yake?" alisema.

Alikuja. Nadhani alikuja kuona hilo tu. Walipofika mlangoni alikuwa amemshika kaka yake mkono na macho yamemwiva. Alikaa chumba cha mbele, buibui lake amelikusanya magotini, na mlango umefungwa.

Nilikuwa nimeoka paja la mbuzi na kuliacha mezani jikoni lipoe. Bibie, ambaye kwa miezi yote hakuwahi kugusa kisicho chake, ana shingo ndefu na meza yetu ni fupi. Niliporudi na sahani nilikuta sinia tupu na alama ya mchuzi inaelekea kwenye sofa. Nilipiga ukelele. Mume wangu akaja, akaona, na akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, kicheko ambacho sikukisikia tangu kabla ya maradhi, kinachoanza kwa kukoroma. Wifi yangu alifungua mlango kuona nani amekufa. Akamwona kaka yake anacheka, akamwona mbwa juu ya sofa na mfupa mrefu kuliko kichwa chake.

"Astaghfirullah," alisema. "Sasa mimi nitakula nini?"

Nilimkaangia mayai. Alikula na wali mkavu chumba cha mbele, akawa anajizuia kucheka na mabega yanamtikisika. Jumapili iliyofuata alikuja mwenyewe na mikate yake. Alikuwa akikaa upande wake, bibie upande wake, na walitazamana kwa mbali kama wake wenza waliokubaliana.

Tuliishi naye miaka sita. Mwishoni alianza kukataa kuweka chini mguu wa mbele, tukadhani ameteguka. Daktari wa wanyama alipiga picha akatuonyesha mfupa, na mimi nilijua kusoma picha ile kabla hajafungua mdomo. Daktari alikuja nyumbani na sindano kufanya lililolazimika, bibie akiwa juu ya sofa yake. Mume wangu alikaa sakafuni, jambo ambalo hakuliweza tangu augue, na ilibidi watu wawili kumnyanyua baadaye. Mimi nilivua glavu. Maji yapo, nilijiambia, na udongo upo.

Wifi yangu alikuja siku ya pili na sufuria ya pilau. Hakwenda chumba cha mbele. Aliingia moja kwa moja jikoni, akavuta kiti, akakaa karibu na sofa yenye manyoya.

"Poleni," alisema. "Alikuwa na adabu zake yule. Ukiondoa siku ile."

Haukupita mwezi yule mwanamke wa kituo alipiga simu. Alikuwa amepata dume, mpole, mtu mzima, hapandi ngazi. Alisema ametufikiria sisi kwanza. Mume wangu alikuwa anasikiliza kutoka kwenye kiti chake, na nilipoweka mkono juu ya simu nikamtazama, alinirudishia macho yaleyale ya zamani, ya kutonisumbua.

"Wewe unasemaje?" nilimuuliza safari hii.

Alifikiri. Magoti yangu yalikuwa yameshaanza kunisumbua, na yeye usingizi wa mchana umekuwa mrefu. "Nikimtazama mwingine juu ya sofa ile nitamwonea," alisema. "Nitamtaka awe yeye. Na wewe utavutwa uanguke, nani atamwokota mwenzake?"

Nilimwambia yule mwanamke hatuko tayari, na kwamba sidhani kama tutakuwa tayari tena. Alisema anashukuru kwa kuambiwa ukweli, wengi hukubali kwa huruma kisha mbwa hurudishwa. Nikamuuliza kama bado wanahitaji watu wa kuwatembeza Jumamosi.

"Wakati wote," alisema. "Njooni na mabuti. Mvua imenyesha wiki nzima huku."

Mume wangu alikuwa ameshasimama kuyatafuta, stoo, nyuma ya mafagio.